Witu hadi Kau kwa baiskeli: Raha ya njia isiyo na gari, na wanaolisubiri gari hilo

Gari la mwisho kulisikia lilikuwa lori la mizigo pale Witu, likipiga honi na kushika lami kuelekea Lamu. Sisi tukakata kona ya Kipini. Dakika kumi baadaye hakukuwa na sauti nyingine ila tairi zikisaga changarawe, ndege vichakani, na cheni ya binamu yangu iliyokuwa ikilia kama panya aliyebanwa mlangoni.

Mimi ni mtoto wa Malindi. Nimezoea tuktuk, matatu, na bodaboda anayekupita upande wa kushoto huku anaongea na simu. Kuendesha baiskeli mjini kwetu ni kazi ya kumtegemea Mungu. Kwa hivyo nilipoona mbele yangu barabara ya murram iliyonyooka, nyekundu, tupu kabisa, nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nikiwa darasa la nne. Niliachilia mikono yote miwili.

Binamu akanicheka. "Bro, ukianguka hapa hakuna ambulensi."

Alisema kwa mzaha. Kufikia jioni nilikuwa nimeelewa kwamba hakukuwa na mzaha mwingi ndani yake.

Mchezo una jina, na una pesa

Kama unafuata habari za baiskeli mtandaoni, unajua kwamba miaka hii watu wameihama lami. Baiskeli za changarawe, zenye usukani uliopinda kama wa mashindano lakini tairi pana, ndizo zinazotafutwa. Kule Kansas, Marekani, kuna shindano la Unbound lililoanza mwaka wa 2006, ambapo mkondo unaojulikana zaidi ni wa maili 200, yaani zaidi ya kilomita 320 za mawe na vumbi. Mwaka wa 2022 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa changarawe, nchini Italia.

Lakini si kila mtu anataka kushindana. Wengi wanachotaka ni kimya. Ufaransa wameligeuza hitaji hilo kuwa biashara ya vijiji. Reli zilizokufa na kingo za mifereji ya zamani zimefanywa njia za baiskeli ambamo gari haliruhusiwi. Mfano maarufu ni Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 uliochimbwa kati ya mwaka wa 1666 na 1681 kutoka Toulouse hadi karibu na bahari ya Mediterania. Zamani farasi walitembea ukingoni wakivuta mashua kwa kamba. Siku hizi ukingo uleule unapitwa na watu wa baiskeli, na vijiji vya kando vinawauzia kahawa, mkate na kitanda cha kulala.

Hapa Kenya nasi hatujalala. Mwezi Juni 2021 shindano la Migration Gravel Race liliwapeleka waendeshaji kilomita 650 kwa siku nne kwenye njia za Maasai Mara. Kikosi cha Team Amani kiliibuka na nia ya kuwapa Waafrika Mashariki nafasi ya kupimana nguvu na mabingwa wa nje bila kusubiri visa. Nahodha wake, Sule Kangangi, ambaye wengi tulimpenda, alifariki Agosti 2022 akiwa kwenye shindano la changarawe jimboni Vermont, Marekani. Ndoto yake haikuzikwa naye. Mwaka wa 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli wa barabarani.

Kwa hivyo swali lililonitoa nyumbani lilikuwa rahisi: kama Mfaransa anauza kimya cha mfereji wake, sisi wa Pwani tuna nini?

Jibu nilijua lilipo. Shangazi yetu ameolewa Kau.

Mto uliohamishwa

Kau ni kijiji kidogo kwenye Mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, katika delta ya Tana. Ukikitafuta kwenye ramani ya simu utakuta nukta tu. Lakini usikidharau. Karne ya 19 Kau ilikuwa bandari ya mtoni. Pembe za ndovu na nafaka zilishuka hapa, nguo na bidhaa za ng'ambo zikapanda. Inasimuliwa kwamba Sultani Ahmed, aliyejulikana kama Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, alipofukuzwa visiwani alipitia huku kabla ya kujenga makao yake Witu.

Witu yenyewe ina kisa cha filamu. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya urafiki na sultani huyo, na mwaka wa 1885 Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu. Miaka mitano tu baadaye, Julai 1890, Wajerumani wakaiachia Uingereza katika mkataba uleule uliowapa wao kisiwa cha Heligoland. Kabla ya mwaka kwisha, Wajerumani kadhaa walikuwa wameuawa Witu, na jeshi la majini la Uingereza likaja likauchoma mji. Leo ukisimama pale stendi ukinunua maji baridi, huwezi kudhani.

Nacho kitu ambacho kilinifanya nisimamishe baiskeli nikatafakari ni hiki: huku nako kuna mfereji. Unaitwa Belezoni. Ulichimbwa kwa mikono karne ya 19 kuunganisha Mto Tana na Mto Ozi, ili mitumbwi ipite na mashamba yapate maji. Mto ukaupenda. Maji yakaupanua mwaka baada ya mwaka, hadi Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, unaosafiri kama kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya, ukaacha mlango wake wa zamani na kuanza kuingia baharini kwa njia ya Ozi, pale Kipini. Wafaransa walichimba mfereji wakajivunia. Sisi tulichimba mfereji ukahamisha mto mzima, na hatuna hata kibao cha kusema hivyo.

Njia yenyewe

Witu hadi Kipini ni zaidi ya kilomita 20 kidogo. Hakuna mlima. Adui yako ni mchanga, jua, na ile mistari ya murram iliyokunjamana kama bati inayokutetemesha hadi meno. Dawa yake ni kushusha upepo wa tairi kidogo na kukaa pembeni, pale waendesha baiskeli wa kijiji walipochora njia yao nyembamba, laini kama sakafu. Hao ndio mabingwa wa hapa. Tulipitwa na mzee juu ya Black Mamba, lile libaiskeli zito la chuma lisilo na gia, gunia la mahindi kwenye keria na jembe limefungwa juu yake. Alitupita akasalimia, tukaitikia kwa shida kwa sababu pumzi ilikuwa imetuishia.

Kipini ni mahali pa kula. Kuna samaki, kuna wali wa nazi, na bahari yenye rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya tope la mto. Huku ndiko nchi ya Fumo Liyongo, jitu la hadithi zetu. Wenyeji watakuelekeza wanakosema amezikwa. Kisa unakijua: hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Alikufa akiwa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Karibu na hapo kuna magofu ya Ungwana, mji wa mawe wa Waswahili ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua katika miaka ya 1950.

Kutoka Kipini kuingia ndani kuelekea Kau, sahau neno barabara. Hizi ni njia za miguu, za ng'ombe na za baiskeli. Zinapita kwenye miembe mikubwa yenye kivuli cha kanisa zima au msikiti mzima, zinazunguka mashamba ya mpunga, zinapotea kwenye nyasi kisha zinajitokeza tena ng'ambo ya kidimbwi. Mikoko upande mmoja, minazi upande mwingine. Korongo wamesimama majini kama walinzi wa benki. Delta hii ni eneo la ardhi oevu linalotambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar tangu mwaka wa 2012, hekta zaidi ya 160,000, na ukiwa juu ya baiskeli unaielewa sababu bila kuambiwa.

Ni hapo ndipo cheni ya binamu ilipokatika.

Tulisukuma hadi tukamkuta fundi chini ya mwembe. Vifaa vyake vilikuwa nyundo, koleo, msumari na kopo la oili chafu. Akaitazama baiskeli ya binamu, ya mitumba kutoka Ulaya, gia 21, akatikisa kichwa. Akakata pingili moja, akagonga mara tatu, akarudisha cheni. Ilikuwa fupi kidogo, kwa hivyo kuanzia hapo binamu alikuwa na gia moja tu. Kama yule mzee wa Black Mamba.

"Sasa ndiyo baiskeli," fundi akasema.

"Hamkuwa na nauli?"

Tulifika kwa shangazi jua likiwa linaelekea kushuka, wekundu kwa vumbi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu. Mmetoka wapi hivi?"

"Witu."

"Kwa hizo baiskeli? Hamkuwa na nauli?"

Binamu akajaribu kueleza. Kwamba ni mchezo, kwamba kuna watu wanaruka na ndege kutoka Ulaya ili wapate njia kama hizi, kwamba raha yenyewe ni kutosikia gari. Shangazi alitusikiliza huku akimimina chai. Kisha akasema polepole, bila hasira: "Nyinyi mwatafuta mahali pasipo gari. Sisi hapa twaliomba hilo gari miaka yote."

Akatusimulia. Msimu mmoja wa mvua, usiku, binti wa jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa. Njia ilikuwa matope matupu, pikipiki haipiti. Wakakunja godoro wakalifunga kwenye keria ya baiskeli, wakamkalisha binti, mwanamume mmoja akishika usukani, wawili wakimshikilia huku na huku, mwingine mbele na tochi akiangalia mamba. Walimfikisha mtoni, wakampakia mtumbwini. Alijifungua salama alfajiri. "Ile ndiyo baiskeli ya Kau," shangazi akamaliza. "Haikuwa mchezo."

Sikulala vizuri. Kitu nilichokuwa nimekipiga picha mchana kutwa, kile kimya, kilikuwa na maana mbili. Kwangu kilikuwa pumziko. Kwa binti yule kilikuwa ukosefu wa kitu ambacho mimi nakipata nikitoka nje ya geti. Canal du Midi haina magari kwa sababu watu waliamua, na mita chache kando yake ipo lami inayokwenda hospitali. Kau haina magari kwa sababu gari halijafika. Ukizipiga picha njia hizi mbili zitafanana, lakini si kitu kimoja.

Kilicho chini ya tairi

Kuna mengine ambayo picha haionyeshi. Njia nyingi tulizopita si za baiskeli kwa asili. Ni malka, yaani njia za kupeleka mifugo mtoni. Wapokomo wanalima kando ya mto, Waorma na Wawardei wanachunga, na wakati wa ukame wote wanahitaji maji yaleyale. Malka ikilimwa, ng'ombe hawana pa kupita. Ng'ombe wakitoka nje ya malka, mpunga umeliwa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 mzozo huo ulichochewa hadi ukawa mauaji, na zaidi ya watu 100 walikufa katika vijiji vya delta, ikiwemo Kilelengwani ambayo iko huku huku. Vijana wa umri wangu walioyaona wakiwa watoto hawapendi kuyazungumza. Lakini ukimwuliza mwenyeji njia ipi upite, atafikiria kidogo kabla ya kujibu. Sasa unajua anafikiria nini. Huku njia ni makubaliano, na baiskeli yako inapita juu ya makubaliano ya watu.

Halafu kuna chumvi. Juu huko, mabwawa ya umeme ya Tana, kuanzia Kindaruma ya mwaka wa 1968 hadi Masinga na Kiambere, yamebadilisha jinsi mto unavyoshuka. Mto ukipungua nguvu, hasa miezi ya kiangazi, bahari inapanda. Wakati wa bamvua maji ya chumvi yanaingia ndani ya Ozi na kufika mashambani. Tuliona migomba iliyokauka imesimama na mashamba ya mpunga yaliyogeuka nyika nyeupe. Kwa baiskeli ni sehemu tamu sana, ngumu na tambarare. Nilipiga kasi nikifurahia, hadi binamu aliponiambia kwamba tunapita juu ya shamba la mtu.

Upande wa pili kuna mafuriko. Yale ya Novemba 2023 yaliwahamisha maelfu ya watu katika Kaunti ya Tana River, na mwaka uliofuata maji yakarudi. Njia niliyokuandikia hapa leo inaweza isiwepo masika yajayo. Itakuwepo nyingine, mita mia kando, itakayochorwa na mwanafunzi anayewahi shule.

Je, kimya kinaweza kulipa?

Siamini kwamba jibu ni tukae mbali. Shangazi mwenyewe alicheka nilipomwuliza kama wageni wa baiskeli wakija atawafukuza. "Niwafukuze na wanakula?" akasema.

Fikiria hesabu ya kawaida. Kikundi cha watu sita wakitoka Malindi au Nairobi watahitaji wali na samaki Kipini, mtumbwi wa kuvuka, mtu wa kuwaongoza, mahali pa kulala, na bila shaka fundi. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mwekezaji wa kujenga hoteli ya ghorofa tano. Vinahitaji vijana wanaoijua njia, wenye simu na baiskeli nzima. Vijana hao wapo. Wengi wako Mombasa sasa wanatafuta kibarua.

Lakini kuna masharti, na nadhani ni haki yetu vijana wa mjini kuyasikia kabla ya kufunga mizigo. La kwanza, pesa ziachwe kijijini. Ukibeba chakula chako chote, maji yako yote na kiongozi wako kutoka Nairobi, umewaachia alama za tairi tu. La pili, kupenda njia isiyo na gari kusiwe sababu ya kupinga barabara ya zahanati. Mtu anaweza kupata vyote viwili: barabara nzuri moja ya gari la wagonjwa, na njia mia za baiskeli kando yake. Wafaransa ndivyo walivyofanya. La tatu, uliza njia. Kila siku, kila kijiji, uliza.

Kabla hujatoka

Wakati: Nenda Januari hadi Machi, au Julai hadi Septemba. Masika usijaribu, udongo mweusi wa delta ukilowa unashika tairi kama ugali.

Usalama: Eneo hili limewahi kushuhudia mashambulizi, hasa mwaka wa 2014, na hali hubadilika. Pitia kituo cha polisi Witu, mjulishe chifu unakokwenda, na usiendeshe usiku hata kama mwezi unang'aa. Ukiambiwa leo usipite, usipite.

Baiskeli: Tairi pana, kuanzia milimita 40. Miiba ya mathenge na migunga haina huruma, kwa hivyo beba tyubu mbili za akiba, gundi, pampu na pingili ya cheni. Njoo na kile ambacho fundi wa chini ya mwembe anaweza kukirekebisha kwa nyundo.

Maji: Lita tatu kwa kila mtu, ujaze Kipini.

Wanyama: Ukingoni mwa mto kuna mamba na viboko. Usioge, usichovye miguu, na asubuhi na jioni usikatize kwenye nyasi ndefu karibu na maji.

Adabu: Shuka kwenye baiskeli ukikutana na ng'ombe wengi, uwaache wapite. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Funika mapaja ukiingia kijijini, zile kaptura za kubana ziache za barabarani. Na amkia.

Asubuhi ya kuondoka tulipita tena kwa fundi. Nilikuwa na pampu nzuri ya mkono, ya alumini, niliyoinunua kwa mshahara wa kwanza. Niliitazama, nikamtazama yeye anayejaza tairi kwa kitu kilichofungwa kwa kipande cha tyubu, nikamwachia. Hakushukuru sana. Aliijaribu mara mbili, akaining'iniza kwenye tawi la mwembe, mahali pa kila mtu kuiona.

"Mtarudi lini?" akauliza.

"Baada ya masika, inshallah."

"Basi mje na tyubu. Na yule wa gia nyingi mwambieni alete cheni yake, nimrudishie kipande."

Bado ninacho cha kumwambia binamu. Kile kipande cha cheni fundi amekiweka. Kimetundikwa kwenye msumari, chini ya pampu.